Kiboko Tarishi Kwenye Maji ya Moto

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimemshika mkono Kiboko Tarishi. Mkono wenyewe! Wa sufi, wa kijivu, wenye vidole vinne. Vinne! Kinyozi ameapa miaka nenda miaka rudi kwamba ni vitano. Nimevihesabu, nikavihesabu tena, nikakibusu kimoja.

Nieleze kwa utaratibu. Mimi ni dobi. Hiyo ni kazi tu. Moyoni mimi ni shabiki wa Kiboko Tarishi, katuni iliyokuwa ikituacha midomo wazi mbele ya televisheni tulipokuwa wadogo. Kiboko mkubwa anayegawa barua na vifurushi, na anaogopa maji. Kila kipindi barua inafika siku imekwisha, mwenye barua anafoka, na Kiboko anamjibu kwa sauti nzito inayotoka kwenye kisigino: “Barua haijachelewa. Ni wewe uliyewahi!” Wenzetu walikua wakaacha. Sisi tulikua tukaunda chama. Mwenyekiti wake, kwa msiba wa chama kizima, ni kinyozi wa mtaani kwetu.

Asubuhi kinyozi kaingia dukani kwangu amebeba furushi linalomzidi hata yeye, na yeye si mtu mdogo. Kalifungua juu ya meza ya pasi. Vazi la Kiboko! Lile lililokuwa likizungushwa mashuleni kutangaza katuni. Kituo cha televisheni kimesafisha ghala, naye kaliokota. Anataka lifuliwe litoke harufu ya panya. Halafu akatoa habari yenyewe, nami nikatafuta stuli. Jumamosi, kwenye mkutano wa chama, anakuja Sauti.

Sauti! Mtu aliyemsemea Kiboko vipindi vyote! Hakuna anayemjua sura wala jina, maana majina ya mwisho wa kipindi yalikuwa yakipita mbio kama yanafukuzwa. Kinyozi kampata kwa ujumbe, kupitia mjukuu wa Sauti mwenyewe.

Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali, nani atavaa vazi kumpokea mgeni. Kinyozi akajigusa kifua. Kasema hiyo ni haki ya mwenyekiti.

Haki! Mtu ambaye hakujua kwamba kofia ya Kiboko inageuka kijani katikati ya “Kifurushi cha Twiga” mpaka nilipomwonyesha mimi! Nimefika nyumbani sina hamu ya kula. Mke wangu kanipa pole. Mama mkwe (alikuja kutibiwa macho, macho yamepona, yeye bado yupo) kauliza ni mwanamume gani anayemlilia kiboko wa kuchorwa. Nimemjibu kwa heshima kwamba silii, ni sabuni.

Jumanne, 4 Machi

Penye nia pana njia. Nimepata njia!

Kinyozi ana mabega ya kabati. Vazi linamtosha barabara. Mimi ni mwembamba; mke wangu husema mashati yangu hayavaliwi, yametundikwa tu. Sasa basi. Vazi ni la sufi. Kila dobi anajua, na wengi tulijua kwa machozi, kwamba sufi ikikutana na maji ya moto hujikunyata. Nikilikunyata kidogo, kidogo tu, mabega ya kinyozi yatagoma kuingia. Mgeni yuko mlangoni, mwenyekiti kakwama, watu wanahangaika. Nani mwembamba hapa? Jamani, si dobi yule! Nitakataa mara moja kwa adabu, kisha nitakubali. Sauti atanikumbatia. Tutasema ile kauli kwa pamoja. Picha itapigwa, nami nitaitundika dukani juu ya mashine.

Sifanyi kwa ubaya. Chama kinahitaji Kiboko anayejua kutembea kama Kiboko.

Mchana nimefanya mazoezi nyuma ya meza ya pasi: hatua nzito, makalio kushoto, makalio kulia, kuruka dimbwi kwa hofu. Nilipogeuka, mwalimu mmoja mteja wangu alikuwa amesimama mlangoni, na sijui alisimama tangu lini. Aliulizia suruali zake. Alipopewa alitoka kinyumenyume.

Jumatano, 5 Machi

Kimenuka.

Nilianza vizuri. Kichwa cha Kiboko ni cha sponji, nikakitoa, nikakipiga brashi pembeni. Mwili nikautia mashineni kwa maji ya vuguvugu. Nikapima. Wapi! Nikaongeza moto kidogo. Vilevile. Sufi ya zamani ina kiburi. Nikaongeza tena, nikasema nitasubiri kidogo tu.

Hapo ndipo simu ikalia. Kinyozi kaandika kwenye kundi la chama kwamba ile chafya maarufu ya Kiboko katika “Daraja Limevunjika” iliandikwa na watunzi, kuonyesha kwamba kanyeshewa. Iliandikwa! Mtu yeyote mwenye masikio anajua chafya ile ni ya kweli, ilimponyoka Sauti. Ningenyamaza vipi? Nikamjibu kwa kirefu. Akanijibu kwa picha ya dole gumba. Nikajibu dole gumba kwa kirefu zaidi, kwa hoja na ushahidi, mpaka kuhusu kunguru anayeshtuka kwenye waya nyuma yake. Nilipoinua kichwa, duka lilikuwa limejaa mvuke na sikuiona hata pasi.

Nimefungua mashine. Aliyeingia ni Kiboko. Aliyetoka ni mjukuu wake.

Nikajaribu kulivaa. Lazima nijaribu! Mguu mmoja ukafika gotini na hapo ukakataa kwenda mbele na kurudi nyuma. Mama mkwe kaniletea chakula cha mchana akanikuta naruka kwa mguu mmoja kati ya ndoo. Kaweka bakuli chini, kashika unyayo wa Kiboko, kavuta. Ana nguvu kwa mtu aliyekuja kutibiwa. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikasema mama, hiki si kisima. Akasema anaona vizuri sana siku hizi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimelilowesha, nimelivuta. Nimelitundika na kulifungia matofali miguuni. Limebaki na ukubwa uleule, na tofali moja limeniangukia kidoleni. Kidole kimevimba. Angalau kuna kitu kilichokua.

Kinyozi kapita kuuliza kama vazi liko tayari. Nikamwambia sufi ya zamani ikishafuliwa inatakiwa ipumzike, isiguswe, isionwe. Nitalileta mwenyewe Jumamosi asubuhi. Akatikisa kichwa kwa kuelewa. Kisha, bila kutarajia, akanikumbatia. Akasema tunabishana, ndiyo, lakini vazi hili hangempa mtu mwingine yeyote, maana anajua hakuna anayempenda Kiboko kama mimi.

Hilo lilinichoma. Lilinichoma kweli, kwa muda. Kisha akaongeza kwamba vidole vitano ni vitano tu, kimoja lazima kilikatika, na moyo wangu ukatulia.

Kasema pia ameazima kiti cha kumkalisha Sauti. Kikubwa, cha watu wawili. Mtu mwenye sauti ile lazima awe pande la mtu. Hapo tumekubaliana. Mimi nilikuwa nawaza ndevu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefikiria kuugua. Nimefikiria wezi. Nimefikiria kuchoma duka, lakini mashine moja bado mpya.

Halafu likanijia. Siwezi kulikuza vazi. Ila nani kasema vazi ni dogo? Nikaandika kwenye kundi, kwa kichwa cha habari “JE, WAJUA?” Nikaeleza kwamba Kiboko, kama alivyochorwa, ana kichwa kikubwa na mwili mdogo. Nikaweka picha kutoka “Kifurushi cha Twiga,” nikachora mistari na kupima kwa rula. Mwili ukiwa mkubwa, nikasema, huyo si Kiboko Tarishi, ni kiboko tu wa mtoni.

Moto ukawaka! Mpaka jioni chama kimegawanyika. Wapo wa mwili mdogo, wapo wa mwili mkubwa, na wawili wameshatukanana kuhusu shingo. Kinyozi yuko upande wa mwili mkubwa, jambo lisiloshangaza. Nimeandaa uwanja. Kesho atakapolifungua, nusu ya ukumbi itashangilia. Mikono inaniwasha kwa furaha!

Mke wangu kauliza kwa nini nisimwambie tu kinyozi ukweli, halafu nimwombe radhi. Mwanamke mwema. Siasa za chama hazijui.

Jumamosi, 8 Machi

Sijui nianzie wapi. Nimechoka, nimelia, nimetukuka, nimedhulumiwa. Yote leo.

Ukumbi uko juu ya duka la vioo. Tumejaa. Mama mkwe naye kaja, kasikia kuna chai. Kinyozi kafungua furushi mbele ya watu wote, kalishika vazi mabegani, likaishia kitovuni. Akaliangalia. Akaniangalia mimi. Nimefungua mdomo nianze habari ya rula, mlango ukafunguliwa.

Kaingia bibi mmoja. Mdogo! Kimo chake kinanifika kwapani, na mkoba wake unakaribia kumshinda. Tukamwamkia shikamoo, tukaendelea kuangalia nyuma yake, tunamsubiri Sauti apande ngazi. Hakuna aliyepanda. Kinyozi kamwambia kwa upole kwamba mama, mkutano ni wa wanachama, lakini akae, chai ipo. Bibi akatutazama. Akakiendea kile kiti cha watu wawili, akapanda, miguu ikabaki inaning'inia. Akakohoa kidogo.

“Barua haijachelewa. Ni wewe uliyewahi!”

Mungu wangu! Ile ile! Ilitoka kwenye kifua kile kidogo ikagonga dari! Watu wazima wenye watoto wao walipiga kelele. Jirani yangu, fundi bomba mwenye kipara, kalia kama kapotezwa sokoni. Nami nimelia. Sabuni haikuwepo karibu.

Katusimulia kila kitu. Alikuwa akisimama juu ya kreti la soda ili aifikie maikrofoni. Alisema sauti zote peke yake, Kiboko, Twiga, mpaka yule Chura Meneja aliyekuwa akimfokea Kiboko kila kipindi, kwa hiyo miaka yote ile alikuwa akijifokea mwenyewe. Nikauliza kuhusu chafya. Ilikuwa ya kweli! Alikuwa na mafua, na hawakuwa na nafasi ya kurudia. Nilimtazama kinyozi. Kinyozi alikuwa anakagua dari.

Kisha akaliona vazi. Akasema zamani walipolizungusha mashuleni aliomba alivae, hata siku moja. Wakamwambia yeye mfupi, angepotelea humo ndani. Wakampa dereva wa gari, mtu mrefu. Yeye alisimama nyuma ya pazia akisema, na watoto wakamkumbatia dereva. Alikuwa anawasikia tu. Akashika mkono wa sufi, akauliza, kwa sauti yake ya kawaida ambayo ni ndogo, kama angeruhusiwa kulijaribu.

Lilimtosha. Lilimtosha kama fundi kampima! Kichwa kikubwa, mwili mdogo, ndivyo alivyochorwa! Akatembea makalio kushoto, makalio kulia. Watu wakapanga foleni kumkumbatia, na kila aliyemkumbatia alisikia kicheko cha Kiboko kikitoka ndani kabisa ya sponji. Ilipofika zamu yangu nilimkumbatia kwa nguvu. Alinipigapiga mgongoni kwa vidole vinne. Nimefurahi, basi. Niseme nini? Sijawahi kufurahi hivyo tangu utotoni.

Alipovua kichwa, jasho na machozi vimechanganyika, akauliza ni nani aliyefikiria kulipunguza vazi limtoshe.

Mimi! Mimi hapa! Lakini ningesemaje? Kwamba nimelichemsha ili nimkomoe mwenyekiti? Nikiwa bado natafuta namna ya kupanga jibu, mjinga fulani nyuma akapaza sauti: Mwenyekiti! Na ukumbi mzima: Mwenyekiti! Mwenyekiti! Kinyozi akaniangalia. Akaliangalia vazi. Akaniangalia tena. Kisha akainama, mkono kifuani, akapokea makofi.

Picha imepigwa. Kinyozi kamkumbatia Sauti. Mimi nimeshika mkoba wa mgeni, na kwenye picha kimeonekana kiwiko changu tu. Mama mkwe kaonekana vizuri, kakaa kwenye kiti cha watu wawili pamoja na Sauti. Walikaa hapo mpaka mwisho wakiongea habari za macho.

Jumapili, 9 Machi

Nikisema ni mimi, nimeharibu mali ya chama. Nikinyamaza, kinyozi ni shujaa. Nimezunguka chumbani mpaka mke wangu kaniambia nikazungukie uani.

Nimeandika kwenye kundi: “Anayejua, anajua.” Nilitegemea kishindo. Wamedhani ni methali, wameniletea madole gumba.

Nimejiuzulu chama. Nimeandika barua kali ya kujiuzulu, kisha nimesubiri. Kinyozi kajibu kwamba ananiombea kidole kipone upesi.

Jumatatu, 10 Machi

Kuanzia leo kuna chama kipya! Chama cha Mashabiki Halisi wa Kiboko Tarishi. Mwenyekiti: mimi. Katibu: mimi, kwa muda. Mke wangu kasema atafikiria. Mama mkwe kauliza kama kutakuwa na chai.

Mkakati ni huu. Wanachama wote hunyolewa kwa kinyozi. Nitakaa kwenye benchi ng'ambo ya kinyozi, na kila anayetoka nitamdaka akiwa bado ananukia spiriti. Sauti akisikia kuna chama cha watu makini, atakuja kwetu mwenyewe. Lazima aje! Nina maswali ya kumuuliza ambayo kinyozi hata kuyaota hawezi. Kwa mfano, kwa nini kipindi cha mwisho hakikuonyeshwa? Tumelumbana juu ya hilo miaka yote. Watu wamekosana harusini.

Jumatano, 12 Machi

Nimefunga duka mchana, nimevaa miwani myeusi na kofia, nimekaa kwenye benchi. Kinyozi kanitumia chai. Nimeinywa ili asishtuke. Mpaka jioni nimepata mwanachama mmoja, naye alidhani ni chama cha kuweka na kukopa.

Nimerudi nyumbani. Vikombe mezani. Biskuti zimekwisha. Kiti changu kimesogezwa dirishani. Mke wangu anajifuta macho kwa kucheka. Nikauliza kulikuwa na nani.

Sauti!

Nyumbani kwangu! Kwenye kiti changu! Kamletea mama mkwe dawa ya macho, kakaa tangu baada ya chakula cha mchana mpaka jua kutua. Kaulizia kama nipo. Mama mkwe kamjibu kwamba mkwe wake yuko kazini, ni mtu mwenye bidii sana. Kisha bibi kasema kwa sauti zote, Kiboko, Twiga, Chura. Na kasimulia, bila hata kuulizwa, kwa nini kipindi cha mwisho hakikuonyeshwa.

Nimemshika mke wangu mabega. Nikamwomba aniambie. Kafikiria. Kasema kulikuwa na jambo la Chura, na lifti, na mtu mmoja alikasirika. Au alioa. Hakumbuki vizuri, alikuwa akimimina chai.

Mama mkwe je? Mama mkwe anakumbuka kila kitu. Kasema tangu lini mwanamume mzima anahangaikia kiboko wa kuchorwa, akaenda kulala.

Alhamisi, 13 Machi

Haleluya! Nimeamka mnyonge, nalala mfalme!

Sauti kapiga simu kwa mama mkwe. Anarudi Jumapili, saa kumi kamili. Anarudi kwa ajili yangu! Kumbe mama mkwe alimwambia kila kitu, maji ya moto, mguu uliokwama, ndoo, na bibi wa watu kacheka mpaka kapiga chafya. Halafu, mke wangu anasema, akasema anataka kumshika mkono huyo dobi na kumshukuru mwenyewe. Atanisimulia kipindi cha mwisho mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti zote, mimi peke yangu. Kasema lakini Jumatatu anasafiri kwenda kuishi kwa mwanawe, mbali, na hajui kama atarudi tena.

Mke wangu kanikalisha chini. Kanitazama machoni. Kasema Jumapili saa kumi nikae kwenye kiti hiki na nisiondoke hata nyumba ikiungua. Nimeapa! Nimefua kitambaa cha kiti kwa mikono yangu, kwa maji baridi. Mama mkwe kanipapasa kichwani, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Ila nimekuwa nikiwaza wakati napiga pasi. Sauti atakuwa kwangu. Atanishukuru mimi. Vizuri sana. Lakini ni nani atakayejua? Nikimsimulia kinyozi Jumatatu, atasema nimetunga. Nikimtumia ujumbe, atajibu kwa dole gumba. Hapana. Lazima ajue saa ileile bibi anapobisha hodi mlangoni kwangu, na lazima nimwone uso akijua.

Nimeshapita kwake kuchukua nafasi ya kunyolewa. Jumapili, saa kumi kamili. Nywele na ndevu, ili nipate muda wa kutosha kumweleza.